Mdudu wa Jioni Moja na Mito Iliyompoteza

Aristotle, katika kitabu chake cha habari za wanyama, alimtaja mdudu wa mto Hypanis, autokao kaskazini mwa Bahari Nyeusi, ambaye hutokea siku za kati ya kiangazi, akaruka hadi jioni, na jua likichwa akafa. Alimwita kwa jina lenye maana ya kiumbe wa siku moja. Jina hilo lilishika sana, hata kwa karne nyingi watu wakadhani kwamba siku hiyo moja ndiyo umri wake wote.

Dhana hiyo ilivunjwa Uholanzi. Mwaka wa 1634 Outger Cluyt alichapisha kijitabu juu ya mdudu huyu, na mwaka wa 1675 Jan Swammerdam wa Amsterdam akatoa kitabu kizima. Wavuvi walikuwa wakimjua zamani, maana walimchimbua katika kingo za mto wamtie chambo. Nao Waholanzi humwita chambo cha ukingoni. Swammerdam alifuata tundu hizo za udongo, akapasua tunutu kwa tunutu, akathibitisha kwamba kiumbe huyu huishi miaka 3 chini ya maji, akila na kukua, kabla ya kupata mabawa. Kumbe jioni ile si maisha yake. Ni mwisho wake tu.

Siku ikifika, matunutu huja juu ya maji kwa wingi kama kumbikumbi baada ya mvua. Dume hujivua ngozi mara moja zaidi. Jike hajivui tena. Hawali chochote. Baada ya kujamiiana, majike huruka kuelekea juu ya mto, kisha huangusha mayai, nayo mkondo huyarudisha chini. Saa chache tu, wote wamekufa.

Ama kuhusu uainishaji, Linnaeus mwaka wa 1758 aliwakusanya wadudu wa namna hii chini ya jina moja la Ephemera. Olivier alimpa huyu jina la longicauda mwaka wa 1791, kwa ajili ya mikia yake mirefu, na Burmeister mwaka wa 1839 akaunda jenasi ya Palingenia, neno la Kiyunani lenye maana ya kuzaliwa upya. Baadaye ikatambuliwa familia ya Palingeniidae, yenye ndugu Ulaya, Asia na hata Bukini, ambako jenasi ya Cheirogenesia haipai hewani bali huteleza juu ya maji. Jenasi ya Pentagenia ya Marekani ya Kaskazini wengine wameitia humo, wengine wakaitoa.

Lakini jina la kuzaliwa upya halikuukinga mto Rhine. Kingo zilijengwa kwa mawe, maji yakachafuka, na mwanzoni mwa karne ya 20 mdudu wa Swammerdam alikuwa ametoweka Uholanzi. Makao yake makubwa yaliyosalia ni mto Tisza, ambako Wahungari humwita ua la Tisza. Tarehe 30 Januari 2000 sumu ya sianidi ilivuja kutoka mgodi wa Romania, kisha ikafika mtoni humo, ikaua samaki wengi mno. Hata hivyo ua hilo bado huchanua kila Juni.

Basi, anayehesabu jioni ile peke yake hatajua kilichopotea. Aliyetambua miaka 3 ya udongoni ndiye ajuaye kwamba kuutengeneza ukingo wa mto kwaweza kuwa kuumaliza ukoo mzima.