Kocha Vidinić na mabao tisa ya Gelsenkirchen

Tangu Novemba 2025, Léopards, timu yetu ya taifa ya Kongo, walipoitoa Nigeria kwa penalti mjini Rabat, habari za Kombe la Dunia la 1974 zimerudi midomoni mwa watu, kuanzia Goma mjini hadi huku Kibumba, chini ya mlima Nyiragongo. Kila zinaporudi, mtu mmoja hutajwa kwa ubaya: Blagoje Vidinić, kocha Myugoslavia anayesingiziwa kwamba aliwauzia mechi ndugu zake.

Vidinić hakuwa kocha wa kuokotwa. Alizaliwa Skopje mwaka 1934, akadaka katika timu ya Yugoslavia iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki Roma, 1960. Aliifundisha Morocco kwenye Kombe la Dunia la 1970. Akaja kwetu, na Desemba 1973 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, ikaifunga Morocco hiyohiyo 3-0 Kinshasa, ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kufuzu. Machi 1974 alitwaa Kombe la Afrika Cairo, Ndaye Mulamba akifunga mabao tisa, rekodi ambayo hadi leo haijavunjwa.

Kisha ikaja Ujerumani. Baada ya kufungwa 2-0 na Scotland, Zaire ilikutana na Yugoslavia tarehe 18 Juni, Gelsenkirchen. Beki Mwepu Ilunga alisimulia baadaye kwamba wachezaji waligundua posho zao zimeliwa, wakagoma, na hata walipoingia uwanjani mioyo yao haikuwemo. Dušan Bajević, kijana wa Mostar kule Bosnia, alianza kufunga dakika ya nane. Ilipofika 3-0, Vidinić akamtoa kipa Kazadi Mwamba, shujaa wa Cairo, akamwingiza Dimbi Tubilandu, mfupi wa kimo. Mara Josip Katalinski wa Sarajevo akafunga la nne. Mwepu akampiga teke mwamuzi. Kadi nyekundu akapewa Ndaye, ambaye hakugusa mtu. Mechi ikaisha 9-0.

Hapo ndipo neno msaliti lilipozaliwa. Vidinić mwenyewe alieleza kwamba amri ya kumtoa Kazadi ilitoka kwa mjumbe wa wizara ya michezo. Mimi namwamini. Kocha anayetaka kuuza mechi hangoji kipa afungwe matatu kwanza. Na posho hazikuliwa na Myugoslavia. Waliozila walikuwa wakubwa wetu, na lawama wakamtwika mgeni.

Mechi ya tatu, tuliyofungwa 3-0 na Brazil, ilichezwa chini ya vitisho vya watu wa rais Mobutu, kwa maneno ya Mwepu: wakifungwa manne, wasirudi nyumbani.

Vidinić alikwenda kuifundisha Colombia, akafariki Strasbourg mwaka 2006. Ndaye alipigwa risasi na wanajeshi waliotaka medali yake, akakimbilia Afrika Kusini, akafia huko Januari 2019. Shirikisho la soka linaloandaa sherehe za Léopards wa leo lingeanza kwa kuwaita waliobaki wa kikosi kile, na kulitaja jina la kocha wao bila kunong'ona.