Nambari za seva: maana yake na hatua ya kuchukua

MKAZI wa Kakuma anayeomba cheti au mkopo wa elimu kupitia intaneti huenda akakutana na nambari 503 badala ya ukurasa alioutarajia. Asiyeielewa hudhani fomu yake ina kasoro, akafunga safari ya zaidi ya kilomita 100 hadi Lodwar bure bilashi. Nambari hiyo humaanisha kwamba seva imelemewa au inakarabatiwa. Dawa yake ni subira.

Seva ni kompyuta inayohifadhi tovuti na kuwahudumia wanaoizuru. Kivinjari kinapotuma ombi, seva hurudisha jibu lenye nambari ya tarakimu tatu. Utaratibu huo ni sehemu ya itifaki ya HTTP, iliyoasisiwa na Tim Berners-Lee katika kituo cha CERN, Uswisi.

Tarakimu ya kwanza hubainisha aina ya jibu:

1: Ombi limepokelewa, mawasiliano yanaendelea.

2: Ombi limefaulu. 200 ndiyo ya kawaida, na kwa kawaida msomaji haioni.

3: Ukurasa uko kwingine. 301 ni uhamisho wa kudumu.

4: Kasoro iko kwenye ombi. 401 humtaka mtumiaji ajitambulishe, 403 humnyima ruhusa, 404 hueleza kuwa ukurasa haukupatikana, nayo 429 huonya kwamba ametuma maombi mengi mno kwa muda mfupi.

5: Seva imeshindwa. 500 ni hitilafu ya ndani. 504 hutokea seva moja inapoingoja nyingine hadi muda ukapita.

Nambari 504 hudai uangalifu wakati wa malipo, kwani haithibitishi kuwa pesa hazikupokelewa. Ni heri kukagua ujumbe wa M-Pesa na hali ya ombi kabla ya kulipa mara ya pili.

Mnamo Julai 2023, jukwaa la serikali la eCitizen liliposhambuliwa kwa wingi wa maombi bandia, huduma zilitatizika kote nchini. Katika hali kama hiyo, kujaza fomu upya hakumfai mtu wa Lodwar wala wa Nairobi.

Iwapo hakuna nambari yoyote, bali kivinjari chasema hakikuweza kuunganishwa, yamkini ombi halikufika. Hapo hukaguliwa kwanza mawimbi ya simu na salio la data, kisha anwani yenyewe.