Kitabu Kilichofungwa Kufuli

Kazi ya kalamu ni kazi kama ya jembe na ya nyavu. Aliyekesha akatunga kitabu ana haki ya kula jasho lake, na mwenye kukinakili kwa siri akakiuza amemdhulumu. Hilo halina ubishi. Lakini iko haki nyingine ambayo watu huisahau, nayo ni ya mnunuzi aliyetoa fedha zake kamili. Akiuziwa kitabu kisha akakikuta kina kufuli, na ufunguo umebaki kwa muuzaji, je, huyo amenunua nini? Habari tutakayoisimulia ni ya Marekani, ila mafunzo yake ni ya kila mji.

Mwezi wa Disemba 1996 mataifa yalikutana Geneva, chini ya Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, yakafunga mkataba wa kuwalinda watungaji katika zama za kompyuta. Sababu yao ilikuwa na uzito. Kitabu cha karatasi hakinakiliwi ila kwa taabu na gharama, lakini kitabu cha kompyuta hunakiliwa mara elfu kwa kufumba na kufumbua. Basi wachapishaji walitia makufuli: maandishi yaligeuzwa mafumbo, yasisomeke ila kwa chombo kilichoruhusiwa. Mkataba ule ulizitaka serikali ziyalinde makufuli hayo kwa sheria.

Marekani ilitekeleza kwa sheria aliyoitia saini Rais Bill Clinton tarehe 28 Oktoba 1998. Kunakili kitabu cha mtu bila idhini kulikuwa kumekwisha katazwa zamani. Jambo jipya lilikuwa kukataza kulivunja kufuli lenyewe. Hivyo mtu aweza kununua kitabu kwa halali, akalivunja kufuli lake ili asome nyumbani kwake, asimpe mtu yeyote, na bado akahesabiwa kuwa ameikiuka sheria. Ama mwenye kuvunja kwa makusudi ili apate fedha, adhabu yake kwa kosa la kwanza yaweza kufika dola 500,000 na kifungo cha miaka 5.

Bunge lilijua kuwa amri nzito kama hiyo itawakaba na wasio na kosa, likaacha mlango mdogo. Kila miaka 3 Mkuu wa Maktaba ya Bunge, kwa ushauri wa Msajili wa Hakimiliki, husikiliza malalamiko ya watu. Wakithibitisha kwamba kufuli lawazuia kufanya jambo la halali, hupewa ruhusa. Lakini ruhusa hiyo huishi miaka 3 tu, kisha hufa. Mwaka 2000, mara ya kwanza, zilitolewa ruhusa 2 peke yake. Moja ilihusu orodha za kurasa zinazozuiwa na programu za kuchuja intaneti. Ya pili ilihusu maandishi na programu ambazo kufuli lake limeharibika au limepitwa na wakati, hata mwenye haki naye hawezi kuingia.

Sasa tazameni hali ya kipofu. Kipofu wa leo husomewa na kompyuta: programu huyachukua maandishi ikayageuza sauti, au nukta za Braille zinazosomwa kwa vidole. Kufuli lilipoyaficha maandishi, mwenye macho aliendelea kuyaona kiooni, lakini programu ya kipofu haikupata kitu. Wote wawili wamelipa, mmoja asoma, mwenzake amepewa kopo tupu. Shirika la American Foundation for the Blind lilikwenda kulieleza jambo hili, na mwaka 2003 ruhusa ikapatikana: kitabu ambacho nakala zake zote za kompyuta zimefungwa zisisomeke kwa sauti, ilikuwa halali kulifungua kufuli lake.

Mambo hayakwisha hapo. Februari 2009 kampuni ya Amazon ilitoa chombo kiitwacho Kindle 2, chenye uwezo wa kusoma kitabu kwa sauti. Chama cha waandishi, Authors Guild, kilipinga, kikisema kwamba sauti ni haki nyingine inayouzwa mbali. Amazon ikawapa wenye haki hiari ya kuizima sauti hiyo katika vitabu vyao. Aprili ile ile vipofu na wenzao waliandamana New York mbele ya ofisi ya chama hicho. Hawakutaka sadaka. Walitaka kununua vitabu kama watu wengine, na wakivinunua waweze kuvisoma.

Mwaka 2010 Msajili alishauri ruhusa ya vipofu isitolewe tena, kwa kuwa ushahidi ulioletwa safari ile haukutosha. Mkuu wa Maktaba, James Billington, hakuufuata ushauri huo, akaitoa. Twashukuru kwa hilo, lakini yatupasa kujiuliza: ni haki gani hii inayoning'inia kwenye kalamu ya mtu mmoja?

Wahenga walisema, asiyekuwepo na lake halipo. Tangu 2006 palikuwa na ruhusa ya kufungua simu ili itumike kwa kampuni nyingine. Mwaka 2012 ruhusa hiyo ilipunguzwa, na simu zilizonunuliwa baada ya tarehe 26 Januari 2013 zikatolewa nje. Watu zaidi ya 114,000 walitia saini ombi kwa serikali, Bunge likapitisha sheria ya kuirudisha, na Rais Barack Obama akaitia saini tarehe 1 Agosti 2014. Wenye simu ni wengi, wakasikiwa. Vipofu ni wachache.

Tena iko kasoro kubwa. Ruhusa hizi humwachia mtu afungue kufuli, lakini haziondoi katazo la kuuza au kugawa vifaa vya kulifungulia. Ni kama kumwambia mtu, nyumba ni yako, ingia, kisha mhunzi akakatazwa kumchongea ufunguo. Tangu 2018 kuhuisha ruhusa ambayo hakuna anayeipinga kumerahisishwa, hutosha maelezo mafupi, ila bado ni lazima iombwe kila miaka 3.

Tarehe 27 Juni 2013 mataifa yalifunga mkataba mwingine huko Marrakesh, Morocco, kwa ajili ya vipofu na wote wasioweza kusoma maandishi ya kawaida. Umesema wazi kwamba ulinzi wa makufuli usiwazuie kuzipata haki walizopewa. Kenya ilijiunga mwaka 2017, Tanzania mwaka 2020.

Basi, ndugu zangu, mwenye mtoto asiyeona asikae akidhani vitabu si vyake. Na awaulize walimu na wakutubi: mkataba huu mmeutumiaje? Wenye macho nao wasiwaachie vipofu kuuliza peke yao. Kuilinda mali ya mtungaji ni insafu. Kumfungia kipofu kitabu alichokilipia ni dhulma, ijapokuwa imeandikwa kwa wino wa sheria.