Niuroni za binadamu katika ubongo wa panya

Niuroni za binadamu zilizokuzwa kutokana na seli shina hupandikizwa katika ubongo wa panya ili zichunguzwe zikiwa hai, jambo gumu kufanyika kwa mgonjwa mwenyewe. Mwaka 2007 timu ya mwanasayansi Shinya Yamanaka iligeuza seli za ngozi ya mtu mzima kuwa seli shina, na kiinitete hakikuwa lazima tena. Wapo wanaopinga njia hii wakisema kwamba panya ni panya tu. Lakini mwaka 2017 watafiti wa Ubelgiji walipandikiza niuroni za binadamu katika panya waliobadilishwa jeni ili wapate mabaka ya Alzheimer: za binadamu zilikufa kwa wingi, za panya zikasalia. Kwa hiyo panya ni makao. Ugonjwa husomwa kwenye seli ya mtu.

Kwa Kampala, suala zito ni nani anayewakilishwa. Chuo Kikuu cha Makerere kina benki ya sampuli iliyoanzishwa chini ya H3Africa, mpango wa utafiti wa jeni na afya barani Afrika, na bila seli za Waafrika, wenye anuwai kubwa kuliko wote ya jeni, matokeo yatabaki nusu. Hofu ya panya kupata akili ya mtu ina uzito mdogo, kwani seli ni chache na hukomaa polepole mno. Ridhaa ya mwenye sampuli ndiyo inayopaswa kutaja waziwazi upandikizaji huu katika panya.