Mawese, Sabuni na Gliserini: Mafuta ya Ngozi katika Historia ya Maniema ya Kusini

Historia ya mchikichi nchini Kongo imezoeleka kuandikwa kwa hesabu za tani na mikataba. Nafasi ya mawese katika utunzaji wa ngozi haijapewa uzito unaostahili. Kasongo na Kabambare zatoa mfano mzuri.

David Livingstone alifika Bambarre, yaani Kabambare, Septemba 1869. Shajara yake yasifu michikichi iliyovika vilele vya milima. Yaeleza pia kwamba mwaka 1870 vidonda vya miguu vilimfungia ndani siku 80. Kilichomsaidia ni malakiti iliyosagwa kwa maji na kupakwa kwa unyoya. Tofauti hii ni ya msingi: donda hutaka dawa, ngozi kavu hutaka mafuta. Mawese, sawa na mafuta ya mise, hayaongezi maji mwilini. Hutanda juu ya ngozi na kuzuia unyevu usipotee.

Kasongo, ngome ya Tippu Tip, ilitekwa na majeshi ya Dhanis tarehe 22 Aprili 1893. Tarehe 14 Aprili 1911 kampuni ya William Lever ilipewa maeneo matano ya michikichi: Lusanga, Bumba, Barumbu, Basongo na Ingende. Kasongo na Kabambare hazikuwamo. Lengo la Lever lilikuwa sabuni. Mafuta yakichemshwa na kostiki soda hutoa sabuni pamoja na gliserini, yapata sehemu moja ya kumi ya uzito wa mafuta. Viwanda vikubwa huitenga gliserini na kuiuza kwa watengenezaji wa dawa, vipodozi na hata baruti. Sabuni laini ipikwayo nyumbani kwa maji ya majivu hubaki nayo.

Gliserini iliyochanganywa na maji huvuta unyevu kwenye tabaka la juu la ngozi, na ni miongoni mwa viambato salama zaidi. Ikipakwa tupu penye hewa kavu, yaweza kuikausha ngozi. Mawese nayo hutia doa na huchacha, lakini si sumu. Hatari kubwa imo katika krimu za kung'arisha ngozi zenye zebaki, ambayo hudhuru figo. Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliwekwa kuidhibiti.

Kwa hiyo kiambato kinachosifiwa leo kwenye chupa za dukani kilikuwamo tangu awali ndani ya tunda la mchikichi. Msamiati wa kukamua, kupika na kupaka mafuta hayo, ulio vinywani mwa akina mama wa Kasongo na Kabambare, ni ushahidi wa kihistoria sawa na mkataba wowote, nao wastahili kukusanywa.