Nyumba ya Pwani ya Kyrenia: Aliyeuza, Aliyenunua na Aliyebaki na Ufunguo

Siku moja kwenye kikundi chetu cha vijana tulikuwa tunaangalia simu ya mwenzetu. Likatokea tangazo: nyumba nyeupe, bwawa la kuogelea, nyuma milima, mbele bahari ya buluu. Wameandika kwamba pwani hiyo ni tulivu, jua halikosekani, na bei ni nafuu kuliko sehemu nyingi za Mediteranea. Vijana wakacheka, kila mmoja akaanza kuchagua chumba chake. Ndipo binti mmoja wa miaka kumi na sita akauliza: "Lakini kwa nini ni bei rahisi hivyo? Mwenyewe yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilienda kulitafuta, na nilichokipata nawaletea hapa, kwa sababu kinatuhusu sisi kuliko nilivyofikiri.

Kisiwa chenyewe ni Kupro. Wasomaji wa Biblia wanakijua kwa jina la Kipro, asili ya Barnaba, yule Mlawi aliyeuza shamba lake akaleta fedha kwa mitume. Kiko karibu na Uturuki, Siria na Lebanoni. Wenyeji wake wakubwa ni makundi mawili: Wagiriki wa Kupro, ambao ndio wengi, na Waturuki wa Kupro. Kwa miaka mingi walikaa vijiji vilivyochanganyika au vijiji jirani, wakiuziana mafuta ya zeituni na kusalimiana sokoni. Pwani ya kaskazini, mji wa Kyrenia na vijiji vyake chini ya milima, ilikuwa nzuri tangu zamani. Mwaka 1953, wakati Waingereza bado wanatawala, mwandishi Lawrence Durrell alinunua nyumba katika kijiji cha Bellapais juu ya Kyrenia. Kijiji kilikuwa cha Wagiriki, na dalali aliyemsaidia kununua alikuwa Mturuki. Hivyo ndivyo watu walivyokuwa wakiishi. Lakini ndani ya miaka mitatu vita vya kumwondoa Mwingereza vilikuwa vimewaka, na Durrell akaondoka kisiwani mwaka 1956.

Kupro ilipata uhuru mwaka 1960. Katiba iligawa madaraka: rais Mgiriki, makamu wake Mturuki. Haikudumu. Desemba 1963 damu ilimwagika kati ya makundi hayo mawili, na Waturuki wa Kupro wapatao 25,000 wakakimbia vijiji vyao, wakajibana katika maeneo yao yaliyozungukwa. Machi 1964 Umoja wa Mataifa uliamua kutuma askari wa kulinda amani, na mpaka leo askari hao wako pale. Naomba tukumbuke jambo hili kabla ya kuendelea: wakimbizi wa kwanza wa mgogoro ule walikuwa Waturuki wa Kupro. Ukianza kusimulia kutoka 1974 peke yake, umeshachagua upande.

Tarehe 15 Julai 1974 wanajeshi waliosukumwa na utawala wa kijeshi wa Ugiriki walimpindua Rais Makarios. Siku tano baadaye jeshi la Uturuki likashuka pwani, karibu na Kyrenia. Agosti likasonga tena mbele, mpaka likashika zaidi ya theluthi moja ya kisiwa. Wagiriki wa Kupro kati ya 160,000 na 200,000 hivi walikimbilia kusini. Wengi waliondoka wakidhani ni siku mbili tatu. Walifunga mlango, wakatia ufunguo mfukoni. Waturuki wa Kupro zaidi ya 40,000 nao wakaacha nyumba zao za kusini wakahamia kaskazini. Kisiwa kikakatwa vipande viwili.

Sasa, nyumba zikabaki. Nyumba haina miguu. Nani alale ndani?

Kusini, wakimbizi walianza kwenye mahema, kama sisi. Baadaye serikali iliwajengea mitaa ya nyumba, na wengine wakawekwa katika nyumba za Waturuki waliohama. Kaskazini, utawala mpya ulichukua nyumba na mashamba ya Wagiriki ukayagawa. Mturuki wa Kupro aliyeacha mali kusini alihesabiwa thamani yake, akapewa nyumba ya Mgiriki kama badala. Watu walioletwa kutoka Uturuki kuja kukaa nao walipewa nyumba na mashamba. Baadaye watu hao wakapewa hati. Hati hizo zilitolewa na dola iliyojitangaza mwaka 1983, ambayo ni Uturuki peke yake inayoitambua. Huku kusini, kwenye daftari la ardhi la Jamhuri ya Kupro, jina la mwenye nyumba wa zamani halikufutwa. Kwa hiyo kiwanja kimoja kikawa na karatasi mbili na watu wawili, na kila mmoja anasema "changu".

Hapo ndipo lilipo jibu la yule binti. Bei ilikuwa rahisi kwa sababu kesi ilikuwa ndani ya bei.

Mwaka 2003, tarehe 23 Aprili, milango ya mstari unaogawa kisiwa ilifunguliwa kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka 29. Watu walipanga foleni kwa maelfu, wengine na ufunguo wa zamani mkononi. Walifika, wakabisha hodi kwenye mlango wao wenyewe. Mara nyingi aliyefungua hakuwa adui kama walivyomfikiria; alikuwa mama wa kawaida, mara nyingine mkimbizi wa kusini, akawakaribisha kahawa. Wapo walioletewa picha za arusi za wazazi wao, zilizokuwa zimetunzwa sandukuni miaka yote hiyo. Wapo pia waliofungiwa mlango, na waliokuta hakuna nyumba tena. Mwaka uliofuata, Aprili 2004, kukawa na kura ya mpango wa Umoja wa Mataifa wa kuunganisha kisiwa. Waturuki wa Kupro 65 kwa mia walikubali; Wagiriki wa Kupro 76 kwa mia walikataa. Suala la nani atarudi kwenye nyumba yake, na nani atalipwa tu, lilikuwa moja ya sababu kubwa.

Katika miaka hiyo hiyo ujenzi ukapamba moto kaskazini. Wageni, Waingereza wengi wakiwemo wastaafu, walikuja kununua. Mume na mke kwa jina la Orams walinunua ardhi Lapithos mwaka 2002, wakajenga nyumba na bwawa. Ardhi ile kwenye daftari ilikuwa ya familia ya Meletis Apostolides, waliokimbia mwaka 1974. Mipaka ilipofunguliwa alikwenda kuona, akafungua kesi. Mwaka 2004 mahakama ya Nicosia iliamuru nyumba ibomolewe, ardhi irudishwe, na mwenyewe alipwe fidia. Lakini mahakama ile haina polisi kaskazini. Kwa hiyo akaipeleka hukumu Uingereza, ambako wale wanunuzi walikuwa na mali nyingine. Mwaka 2006 alishindwa. Mwaka 2009 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema hukumu ya Nicosia inapaswa kutambuliwa, na Januari 2010 mahakama ya rufaa ya London ikakubali. Mtu alinunua utulivu pwani, akajikuta anahofia hata nyumba yake ya nyumbani kwao. Na tangu 2006, sheria ya Kupro inasema kuuza au kununua mali ya mtu bila ridhaa ya mwenyewe aliyesajiliwa ni kosa la jinai, kifungo mpaka miaka 7.

Kabla yake alikuwepo Titina Loizidou, mwanamke wa Kyrenia mwenye viwanja kule. Kabla ya vita ujenzi wa nyumba za ghorofa ulikuwa umeanza kwenye kiwanja chake kimoja, na yeye angekaa katika nyumba mojawapo. Mwaka 1989 alijiunga na maandamano ya wanawake waliovuka mstari kwa miguu wakisema wanarudi nyumbani, alikamatwa. Aliishtaki Uturuki katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu. Mwaka 1996 mahakama ilisema bado yeye ndiye mwenye mali. Mwaka 1998 ikaamuru alipwe. Fedha zenyewe, zaidi ya yuro milioni moja, zililipwa Desemba 2003. Hesabu mwenyewe miaka.

Ukisoma mpaka hapa utasema: basi karatasi inashinda. Hata mimi nilifurahi. Kumbe hadithi haikuishia hapo. Mwaka 2005 kaskazini iliundwa tume ya mali, ambako mwenye mali anaweza kuomba kurudishiwa, kubadilishana, au kulipwa. Mwaka 2010 mahakama ile ile ya Ulaya ilisema watu wapitie kwanza tume hiyo. Ikasema pia kwamba baada ya miaka 35 hivi haiwezekani kurudishia kila mtu bila kuangalia waliomo ndani sasa, na kwamba mtu aliyetoka mtoto mdogo, uhusiano wake na nyumba ile si sawa na wa aliyeijenga. Wengi wa wanaofanikiwa katika tume hupata fedha. Wanaorudishiwa nyumba yenyewe ni wachache.

Hili ndilo lililonikosesha usingizi. Haki ya mali haikufa, ndiyo. Lakini kila mwaka unaopita unaisogeza kutoka "rudi nyumbani" kwenda "chukua pesa".

Hatuhitaji kwenda mpaka Mediteranea kuona. Ndugu zetu Warundi waliokimbia mwaka 1972 waliporudi baada ya miaka 30 na zaidi, wengi walikuta mashamba yao ya Rumonge na Nyanza-Lac yana watu. Baadhi ya watu hao walikuwa wamewekwa pale na serikali, na wameshazaa na kujukuu pale pale. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulisema wakimbizi warudishiwe mali zao, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi. Tume ilipogawa shamba katikati, mrudi alilalamika. Ilipomrudishia mrudi shamba lote, mkaaji alilia. Wote wawili walikuwa na sababu.

Nawaandikia vijana wenzangu na pia ninyi mnaofanya kazi nasi. Mwaka 2005 Umoja wa Mataifa uliandika kanuni za kurudisha nyumba na mali za wakimbizi, zinazojulikana kama Kanuni za Pinheiro. Zinasema haki ya kurudishiwa mali yako ipo yenyewe, urudi au usirudi. Ni maneno mazuri. Lakini kanuni haijui kwamba mpaka wa shamba la baba yako ni mti wa mwembe na kijito. Hilo unalijua wewe, na wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja.

Kwa hiyo tumeanza kitu kidogo. Kila kijana ananunua daftari, anakaa na mzazi au mzee, anaandika: kijiji au avenyu, jina la chifu, majirani wa pande zote nne, miti, mwaka wa kununua au kurithi, nani alishuhudia. Kama kuna karatasi, hata iliyochanika, tunaipiga picha na kuiweka mahali zaidi ya pamoja. Mkimbizi wa Kupro alisaidiwa na daftari la ardhi la serikali. Wengi wetu tulitoka sehemu ambazo daftari hilo lilikuwa kichwani mwa wazee.

Na kuna ukurasa wa mwisho, ambao yule binti aliuomba. Pale tunaandika tungemwambia nini mtu tutakayemkuta ndani. Wengine wameandika "toka". Mmoja ameandika kwamba angeuliza kwanza: wewe ulikimbia wapi? Yule binti bado hajaandika. Anasema kwanza anataka kujua kama ile picha ya bibi yake bado iko ukutani.