Mshelisheli Uliopandwa kwa Amri

Mshelisheli, nduguye mfenesi, ni mti uliozoeleka katika viambo vya Unguja na Pemba, ambako tunda lake hupikwa kwa nazi au hukaangwa. Na jina lake laelekeza visiwa vya Ushelisheli. Lakini asili yake iko mbali zaidi, pande za Guinea Mpya na Pasifiki, ambako wenyeji waliupanda karibu na nyumba zao, nao hawakuuchagua ila kwa faida yake. Mashelisheli mengi yaliwayo hayana mbegu. Kokwa ya embe yaweza kusafiri mfukoni. Mshelisheli hauna budi kuchukuliwa ukiwa hai, kwa chipukizi litokalo mizizini.

Ndiyo sababu serikali ya Uingereza ilimtuma William Bligh kwenda Tahiti mwaka 1787. Mabwana wa mashamba ya miwa ya West Indies walitaka chakula rahisi cha watumwa wao, kwani vita vya uhuru wa Marekani vilikuwa vimekatiza vyakula vilivyotoka huko, na njaa ilikuwa imeua maelfu katika Jamaica. Chumba kikubwa cha nahodha katika jahazi Bounty kiligeuzwa bustani, ikapakiwa miche zaidi ya 1,000. Tarehe 28 Aprili 1789 baadhi ya mabaharia waliasi, wakamshusha Bligh na watu 18 katika mashua, na miche wakaitupa baharini. Bligh hakukata tamaa. Alirudi Tahiti kwa jahazi Providence, na mwanzoni mwa mwaka 1793 akaifikisha miche St Vincent na Jamaica. Njiani mabaharia walipimiwa maji ili miche isikauke, na hapo yaonekana ni nani aliyethaminiwa zaidi.

Watumwa wakalikataa tunda. Wengi walilitupia nguruwe. Wako wasemao kuwa ni ugeni wa ladha tu, na bila shaka ladha ilikuwamo. Lakini sababu hiyo pekee haitoshi. Mtumwa wa Jamaica alikuwa na kikonde chake, alichokilima siku chache alizoachiwa, na humo alipanda viazi vikuu na ndizi alizozichagua mwenyewe, ziada akaiuza sokoni. Mshelisheli uliletwa na bwana, kwa hesabu ya bwana.

Utumwa ulikoma kabisa huko mwaka 1838, na miti ikabaki. Iliota nyuani kwa watu huru, ikazaa bila kulimiwa. Leo wajukuu wa wale waliolikataa hulichoma shelisheli zima juu ya makaa hata ganda likawa jeusi, kisha hulimenya, wakalila na samaki wa chumvi.